MAHAFALI NDANI YA KANISA: MTOTO WA KIISLAMU AKAE WAPI?



 

Ndugu wazazi na wanafunzi, kila yanapokaribia mahafali hapa Kigali tunaulizwa swali lile lile. Kadi ya mwaliko imefika nyumbani. Imeandikwa kwamba saa tatu asubuhi kutakuwa na ibada ya shukrani kwenye kikanisa cha chuo, na saa tano ndipo shahada zitatolewa. Chini yake kuna maneno kwamba kikanisa hicho hakina dhehebu na kwamba wote wanakaribishwa. Baba anaisoma kadi mara mbili na kuiweka mezani. Mama ameshashona kitenge, shangazi ameshakata tiketi ya basi kutoka Rwamagana, na mhitimu mwenyewe, aliyesoma miaka minne kwa jasho la familia nzima, anamtazama kila mmoja usoni asijue la kufanya.

Majibu yanayozunguka mitaani ni mawili. Wapo wanaosema ni haramu hata kukanyaga mlango, kaa nje mpaka wamalize. Wapo wanaosema Mungu ni mmoja, ingia, simama wakisimama, imba wakiimba, siku moja haimtoi mtu katika dini. Sisi hatukubaliani na jibu la kwanza wala la pili, na leo tungependa kueleza kwa nini. Mwenye jambo zito la fatwa amuendee sheikh wake. Hapa tunazungumza kama wazazi na walezi wenye watoto vyuoni.

Tuanze na jengo lenyewe, maana wengi wetu hukwama mlangoni. Katika Sahihi ya Imam Bukhari kuna mlango mzima unaohusu kusali ndani ya nyumba za ibada za Wakristo. Humo imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (RA) kwamba hawakuwa wakiingia makanisani kwa sababu ya masanamu na picha zilizokuwemo, na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (RA) kwamba alikuwa akisali humo isipokuwa palipokuwa na masanamu. Tazama, ndugu msomaji: waliyoyaangalia masahaba ni yaliyomo ndani, yaani masanamu na picha. Wanazuoni waliokuja baada yao wametofautiana, wapo waliosema ni makruhu, wapo waliokataza, wapo walioruhusu kwa haja. Basi kijana asiambiwe na jirani kwamba ametoka katika Uislamu kwa kukaa kwenye kiti ndani ya ukumbi ambao ukutani hakuna kitu. Hilo ni neno kubwa, na wengi hulitamka kwa wepesi mno.

Tena Suratul Hajj, aya ya 40, inazitaja nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti kwa mfuatano mmoja, kuwa ni nyumba ambazo zingebomolewa lau Mwenyezi Mungu asingewazuia watu kwa watu. Kuziheshimu nyumba za wengine tumefundishwa, hatukulijifunza vyuoni.

Kuingia ndani ya jengo ni jambo moja, na kuabudu kwa ibada ya mwingine ni jambo jingine kabisa. Hapa ndipo tunapotofautiana na wanaosema "imba nao tu". Suratul Kafirun watoto wetu wanaihifadhi madrasa wakiwa na miaka mitano au sita, na maana yake haina kificho: wao na dini yao, nasi na dini yetu. Wimbo wa kumsifu Yesu kama mwana wa Mungu ni ibada. Mkate wa ushirika ni ibada. Kuinama mbele ya altare ni ibada. Mkristo mwenyewe, ukimuuliza kwa uaminifu, hatakuambia kwamba hayo ni mapambo ya sherehe. Kwake ndiyo roho ya jambo. Basi sisi tukiyafanya kama mchezo wa siku moja tumejidhulumu, naye tumemdharau.

Ipo njia ya tatu ambayo baadhi ya vyuo huipenda wakidhani ndiyo ya haki. Wanaichuja ile ibada. Wanaondoa jina la Yesu, wanaondoa msalaba, wanabakisha maneno laini kuhusu upendo, mwanga na mshikamano, kisha wanasema sasa ni ya wote. Hatulaumu nia yao. Lakini ni mchuzi uliotiwa maji mpaka umepoteza ladha, hakuna anayeshiba. Mchungaji anaondoka amesononeka kwamba hakuomba alivyozoea kuomba, na Muislamu bado hajasikia hata Bismillahi. Sisi tungependa mchungaji aombe kwa dini yake waziwazi, kwa dakika zake, na sisi tunyamaze kwa adabu. Kisha asimame kijana wetu au sheikh aombe dua kwa dini yake waziwazi, nao wanyamaze. Hapo kila mmoja amemwona mwenzake alivyo.

Huenda msomaji kijana akashangaa kwa nini wazee wanalishika jambo hili kwa woga mkubwa kiasi hiki. Kijana wangu, woga huo una historia, na ni vizuri uijue kabla ya kumcheka babu yako.

Uislamu ulikuwepo Kigali tangu mji wenyewe ulipoanza. Richard Kandt alipoweka kituo chake hapa mwaka 1907, wafanyabiashara, askari na makarani Waislamu waliozungumza Kiswahili walikuwa pamoja na Wajerumani, na msikiti wa Al-Fat'h hapa Nyamirambo unahesabiwa kuwa wa tangu mwaka 1913. Lakini shule zilikuwa za wamisionari. Mapadri Weupe walifika Save mwaka 1900, na baada ya Wabelgiji kuchukua nchi elimu iliachwa karibu yote mikononi mwa misheni. Mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma aliambiwa abatizwe, au abadilishe jina, au akae nyumbani. Ndiyo sababu mpaka leo unamkuta mzee wa Biryogo mwenye majina mawili, moja la shuleni na moja la msikitini. Wengi waliona afadhali kukaa nyumbani, wakaingia katika udereva, ushoni, ufundi na uchinjaji wa nyama. Neno "Mswahili" likawa kama tusi la mtu asiye na shule, asiye na ardhi, asiye wa hapa. Jumuiya yetu ilitambuliwa rasmi mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru. Hata Chuo Kikuu cha Taifa kule Butare kilipofunguliwa mwaka 1963, serikali ilimkabidhi kazi padri Mdominiko kutoka Kanada, Georges-Henri Lévesque, akawa mkuu wake wa kwanza. Hatusemi hivyo kwa kumlaumu marehemu, chuo kilihitajika na alikijenga. Tunasema ili ieleweke kwamba katika nchi hii shule na kanisa vilizaliwa nyumba moja, na mzee aliyeambiwa achague kati ya dini yake na daftari hawezi kuisoma kadi ya "ibada ya shukrani" kama unavyoisoma wewe.

Alhamdulillah, mambo yamebadilika. Katiba inasema nchi hii haina dini ya serikali na inalinda uhuru wa dhamiri na wa dini. Sikukuu ya Idi ni ya mapumziko kwa wote. Kiswahili, lugha waliyochekwa nayo wazee wetu, kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017. Sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu kuwa takriban asilimia 2 ya wananchi, nasi tuna madaktari, wanasheria na wahandisi waliotoka vyuo vile vile. Kwa hiyo la leo si la kuzuiwa mlangoni tena. Mlango uko wazi, na tunaulizana tukishaingia tukae vipi.

Wenzetu wamejaribu njia mbalimbali. Karibu na sisi, Makerere pale Kampala kila jamaa wana nyumba yao ndani ya chuo: Waanglikana wana kanisa lao la Mtakatifu Fransisko, Wakatoliki wana la Mtakatifu Agostino, na Waislamu wana msikiti. Hakuna anayemwalika mwenzake katika ibada isiyo yake kwa jina la umoja, na bado wanasoma darasa moja. Ni njia safi, ila inahitaji ardhi na fedha, na vyuo vingi vya Kigali vimebanana juu ya kilima kimoja hata pa kuegesha gari ni shida.

Marekani wana njia ya kujenga nyumba moja isiyo na alama ya dini yoyote. Mfano maarufu ni ule wa chuo cha MIT, jengo la duara la matofali lililosanifiwa na Eero Saarinen na kumalizika mwaka 1955. Ndani hakuna msalaba wala sanamu ya mtakatifu, mwanga unashuka kutoka juu, na kila dini huja kwa zamu yake. Kwa fiqhi yetu jengo kama hilo halina matatizo makubwa. Mtume (SAW) ametufundisha kwamba ardhi imefanywa kuwa mahali pa kusalia kwa umma wake, wakati wa sala ukikufika popote unasali.

Na hata huko nyumba ya pamoja haikuwa rahisi. Mwezi Januari 2015 Chuo Kikuu cha Duke, chenye kanisa kubwa la mawe na mnara mrefu, kilitangaza kwamba adhana ya Ijumaa itasikika kutoka mnara ule. Waislamu wa pale walikuwa tayari wakisali Ijumaa katika ghorofa ya chini ya jengo hilo hilo bila kelele ya mtu. Tangazo la adhana likazusha ghadhabu, wahubiri wakawataka wafadhili wazuie fedha zao, na baada ya siku chache chuo kikarudi nyuma. Tarehe 16 Januari adhana ikaadhiniwa chini, mbele ya ngazi za kanisa, na mamia ya wanafunzi wa dini zote wakasimama kusikiliza. Sisi tunalitazama tukio hilo kwa namna yetu. Sala ya chini kwa chini haikumuudhi mtu. Ule mnara ndio uliowasha moto, kwa sababu mnara ni wa kanisa na unazungumza kwa niaba ya kanisa. Je, sisi tungeridhia kengele ipigwe kutoka mnara wa msikiti wetu hapa Nyamirambo hata mara moja kwa mwaka, kwa ajili ya umoja? Tusijibu haraka haraka.

Historia yetu ina somo hilo hilo. Wanahistoria wanasimulia kwamba Sayyidna Umar (RA) alipoingia Baytul Maqdis alikaribishwa na askofu mkuu Sophronius asali ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu, akakataa na akasali nje, akihofia Waislamu wa baadaye wasije wakalidai kanisa kwa kuwa Umar alisali humo. Alikataa kwa kuwalinda wenyeji wake. Na waandishi wa sira, akiwemo Ibn Ishaq, wanasimulia kwamba ujumbe wa Wakristo wa Najran ulipofika Madina wakati wao wa ibada uliwakuta msikitini, Mtume (SAW) akasema waachwe, wakasali kuelekea mashariki. Sanadi ya simulizi hiyo wanazuoni wameijadili, lakini imepokewa vitabuni karne kwa karne bila umma kuiona ajabu.

Tunataka tuseme kidogo kuhusu msiba, kwa sababu mahafali ni furaha na furaha huvumilika. Msiba hauna subira.

Alifariki kijana wetu mmoja akiwa mwaka wa tatu, ajali ya pikipiki. Tulimzika siku ile ile kwa sunna, alasiri. Wanafunzi wenzake wengi hawakuwahi mazishi, walikuwa darasani na hakuna aliyewaambia kwamba Waislamu hawakawizi maiti. Wiki iliyofuata wakaandaa kumbukumbu kwenye kikanisa cha chuo, wakamwalika baba. Mishumaa, picha kubwa ya marehemu mbele, kwaya, sala kwa jina la Yesu kwamba roho ya kijana ipokelewe. Kila kitu kilifanywa kwa mapenzi, wasichana walilia mpaka wakashindwa kuimba. Baba alikaa kiti cha mbele, mikono juu ya magoti, hakusema lolote. Walipomaliza akasimama akawashukuru mmoja mmoja kwa majina aliyoyakumbuka, kisha akaomba aruhusiwe kumwombea mwanawe kama walivyozoea nyumbani. Akainua mikono, akaomba dua kwa Kiarabu na kwa Kinyarwanda. Ukumbi mzima ukasimama kimya.

Baadaye wapo waliomlaumu mzee yule kwa kuingia mle. Sisi hatumlaumu hata kidogo. Tunachojiuliza ni kwa nini alikuwa peke yake. Kijana amesoma pale miaka mitatu, Waislamu chuoni wapo, misikiti Kigali ipo, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amekaa na uongozi wa chuo, kabla ya msiba, akaeleza namna Waislamu tunavyozika na tunavyoombeana. Wale watoto wa Kikristo walitumia walichonacho. Hawakuwa na kingine kwa sababu hakuna aliyewapa.

Katika nchi hii kuna msiba mwingine unaotukusanya sote kila mwaka kuanzia tarehe 7 Aprili, wakati wa Kwibuka. Vyuo vinawasha moto wa kumbukumbu, majina yanasomwa, na mara nyingi kuna maombi. Ndugu zetu, hapa Muislamu asikosekane. Akae mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1994 misikiti na nyumba za mtaa huu zilificha watu bila kuwauliza dini wala kabila, na kule Mabare Waislamu walisimama kuwalinda waliokimbilia kwao, wakauawa pamoja nao. Filamu ya Kinyarwanda ya mwaka 2011 imesimulia sehemu ya hayo. Tusijisifu kupita kiasi lakini. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililomwaga sumu, alikuwa na jina kama letu, na mahakama ya Arusha ilimhukumu. Kila jamii ina watu wake wa kujivunia na watu wake wa kuinamisha vichwa.

Na tufikiri pia juu ya makanisa yenyewe. Watu walikimbilia Nyamata, Ntarama, Nyange na Sainte-Famille hapa mjini wakitafuta hifadhi ya Mungu, na wengi wakauawa humo humo. Nyange kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu waliokuwa ndani, na padri wake, Athanase Seromba, akahukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya rufaa ya Arusha mwaka 2008. Wapo Wakristo, watoto na wajukuu wa walionusurika, ambao kuingia kanisani kwa lazima kunawaumiza kuliko kunavyotuumiza sisi, na hawasemi. Chuo kinapofanya ibada ya kanisani kuwa sehemu ya lazima ya shahada, hakiwabani Waislamu peke yao. Tukidai jambo hili tukumbuke kwamba tunawasemea na wengine ambao hatuwajui.

Sasa tunadai nini hasa? Si mambo makubwa. Tungependa kadi za mwaliko zitenganishe ibada na sherehe, saa ya ibada ijulikane na saa ya sherehe ijulikane, na asiyehudhuria ibada asihesabiwe kuwa amekosa mahafali. Karatasi ya kusaini mahudhurio isizungushwe wakati wa maombi. Tumesikia hilo likifanyika mahali, na mwanafunzi hawezi kukataa mbele ya mhadhiri atakayemsahihishia mtihani. Palipo na maombi ndani ya sherehe yenyewe, basi na Muislamu apewe dakika zake. Kiwepo chumba safi, hata kidogo, chenye maji karibu. Wakati wa Ijumaa uheshimiwe katika ratiba ya mitihani. Kwa hili la ratiba tunao wenzetu ambao hatuwatumii: ndugu zetu Waadventista wana tatizo la Jumamosi kama sisi tulivyo na la Ijumaa, na wamelihangaikia kwa miaka mingi kwa utaratibu na barua, bila kugombana. Tukienda pamoja kwa mshauri wa wanafunzi, yeye na Sabato yake, sisi na Ijumaa yetu, tutasikilizwa zaidi kuliko kila mmoja akienda na manung'uniko yake.

Na tusipende sana kukimbilia mahakamani. Kenya walifika huko kwa jambo la hijabu katika shule ya Kiwanjani, Isiolo, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti. Mahakama ya Rufaa mwaka 2016 iliwapa haki wasichana wa Kiislamu, kisha mwezi Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu ya namna dai lilivyowasilishwa. Miaka ikapita, wasichana wakamaliza shule, na kila upande ukabaki na uchungu wake. Kikao cha saa moja na mkuu wa chuo kingeweza kuwa na faida zaidi.

Lakini, ndugu Waislamu, haki ni mizani. Wengi wetu tumesoma au tumepeleka watoto Chuo Kikuu cha Kiislamu pale Mbale, Uganda, kilichofunguliwa mwaka 1988. Kinapokea Wakristo, na kanuni yake ya mavazi inawahusu wanafunzi wote pamoja na hao Wakristo. Je, tumewahi kumuuliza binti wa Kikristo aliyesoma pale alijisikiaje? Pengine atasema alizoea na alitendewa wema. Pengine atasema maneno yale yale tunayoyasema sisi kuhusu kikanisa. Si haki kumdai mwenzako kitu ambacho wewe mwenyewe humpi unapokuwa mwenye nyumba.

Na hata hapa mtaani. Jirani Mkristo anakuja kwenye nikahi yetu, anaachwa amesimama mlangoni na viatu mkononi, hajui aketi wapi wala hajui kama aruhusiwe kuingia. Anakuja kwenye maziko, tunasali sala ya jeneza rakaa hana habari nayo, isiyo na rukuu wala sijda, inakwisha kabla hajaelewa kama imeanza. Ni kazi ya dakika mbili mtu mmoja kusimama na kusema: ndugu wageni, sasa tutamswalia marehemu, tutasimama tu, tutasema Allahu Akbar mara nne, mnaweza kukaa pale au kusimama nyuma yetu. Tukiyafanya hayo kwetu, hatutaona haya kuyaomba kwao.

Kwa mwanafunzi anayekwenda mahafali mwezi huu, ushauri wetu ni mwepesi. Kama ibada imetengwa na sherehe, fika saa ya sherehe, umevaa joho lako na hijabu yako au kofia yako, umepiga pasi. Kama vimeunganishwa na huna namna, ingia, kaa kwa utulivu karibu na pembeni, wakisimama kwa heshima ya wageni au wimbo wa taifa simama, wakiimba nyimbo za ibada nyamaza, wakigawa mkate na divai baki kwenye kiti chako. Simu weka mfukoni. Usitoke kwa kishindo katikati ya maombi ya mtu ili watu wajue wewe ni Muislamu, watajua kwa tabia yako. Moyoni una dhikri yako. Ukiulizwa kwa nini hukuimba, jibu kwa tabasamu kwamba sala yako ni ya aina nyingine, na mualike aje aione.

Kwa mzazi, usimwache mtoto aamue peke yake asubuhi ya siku yenyewe akiwa na kadi mkononi. Mkae siku tatu nne kabla. Na wazazi wenye watoto katika chuo kimoja wajuane, wachague watatu, baba wawili na mama mmoja au kinyume chake, waandike barua fupi kwa mshauri wa wanafunzi sasa hivi mwanzoni mwa muhula, wakati hakuna ugomvi wala msiba. Barua itaje idadi ya wanafunzi Waislamu waliopo, nyakati za sala, Ijumaa, tarehe zinazokisiwa za Ramadhani na Idi mbili, namna tunavyozika, na jina na simu ya sheikh wa msikiti ulio karibu anayeweza kuitwa usiku. Nakala moja ipelekwe msikitini, nyingine abaki nayo kiongozi wa wanafunzi. Ukurasa mmoja unatosha.

Wabillahi tawfiq.